Kabla daftari la kamati halijaingia kwenye tableti

Ndugu viongozi, mnakumbuka mwezi wa pili 2025, kambi za Bulengo na Lushagala karibu na Goma zilipovunjwa na watu wakaondoka haraka. Daftari la kamati ya ardhi likipotea katika safari ya namna hiyo, mapatano yote yanapotea nalo.

Ndiyo sababu tunapiga picha kurasa hizo. Weka ukurasa penye mwanga, bila kivuli cha mkono. Programu ya tableti itageuza mwandiko kuwa herufi za kuchapa. Lakini ijulikane kwamba inakisia: inalinganisha maumbo ya herufi na maneno iliyofundishwa. Ukiiachia Kifaransa, "shamba" linaweza kugeuka "chambre". Na ile 1 yetu ya shuleni, yenye mkia mbele, inaweza kusomwa 7. Mpaka wa mita 10 ukiwa mita 70, ugomvi uliokwisha unafufuka.

Kwa hiyo mmoja ashike daftari, mwingine tableti, na yote yasomwe kwa sauti mbele ya pande zote mbili. Inachosha, ndiyo.

Jambo lingine ni usalama. Programu nyingine hutuma picha kwa intaneti hadi kompyuta za mbali. Jina la mjane aliyemtaja mnyang'anyi wa shamba lake lisisafiri hivyo. Funikeni majina kwa karatasi kabla ya kupiga picha, muandike namba, na orodha ya namba ifichwe kwingine.

Daftari lenyewe msilitupe. Alama za vidole ziko humo.