NAMNA TUNAVYOKULA BONANE KATIKA BUNIA



Wanafunzi wapya, zaidi wale waliotoka mbali, wanatuuliza mara kwa mara: sababu gani watu wa Bunia wanasema "kula Bonane", na namna gani siku kuu ya siku moja inashika karibu majuma mawili? Tumeona vema kujibu katika karatasi hizi mbele ya vakansi kufika. Si swali la mchezo. Kila mwaka wako wenzetu wasioweza kufika kwao, na asiyejua desturi ya mji anaweza kulala njaa siku ambayo majirani wake wanatafuta mtu wa kumpa chakula.

Bonane ni maneno ya Kifaransa, bonne année, yaliyoingia katika kinywa chetu na kugeuka neno moja. Tarehe 25 Desemba ni Noeli, tarehe 1 Januari ni Bonane, na tarehe 4 Januari ni siku ya mashujaa wa uhuru, ukumbusho wa watu waliouawa Léopoldville (ndiyo Kinshasa) tarehe 4 Januari 1959. Masomo yamefungwa, bilo nyingi zimelala. Mtu anayetoka Aru ao Mambasa hawezi kuja kwa siku moja na kurudi. Akifika anangoja mpaka yote yapite. Ndiyo namna siku tatu zinageuka majuma mawili.

Na wakati wenyewe ni mzuri. Kwetu mvua inaanza kupunguka mwezi wa kumi na mbili, mahindi na maharagi ya musimu wa pili yamekwisha kuingia nyumbani, na njia zinakauka. Udongo mwekundu unageuka vumbi, ni kweli, na nguo mpya ya Bonane haimalizi saa mbili bila kupata rangi. Lakini kamio inapita pahali ilipolala siku tatu katika matope mwezi wa kumi.

Tusifikiri kama Noeli ni desturi ya zamani sana hapa. Apolo Kivebulaya alifika Boga kutoka Uganda mwaka 1896, na wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia Congo kwa upande wa Mahagi mwaka 1912. Basi koko wa koko zetu walikuwa na karamu zao za mavuno na za ndoa mbele hawajasikia Noeli. Tena siku kuu hii ilikwisha kuondolewa mara moja: mwaka 1974 serikali ya Mobutu iliifuta 25 Desemba katika siku za mapumziko, na ikawa siku ya kazi sawa zingine. Miaka miwili mbele, 1972, majina ya kikristo yalikuwa yamekatazwa, hivi mtoto aliyezaliwa siku ile hakuweza kuandikwa Noël kwenye bilo. Wazee wanatusimulia kama waliimba asubuhi mapema, kisha kila mtu akashika njia ya kazi. Chakula kililiwa magaribi. Serikali iliondoa siku katika kalenda, haikuondoa sufuria kwenye moto.

Sasa tueleze ngombe, kwa maana wengi wanaona nyama tu, hawaoni kazi iliyo nyuma yake.

Familia moja haiwezi kununua ngombe peke yake. Basi familia za avenii moja ao za korali moja zinajiunga, tuseme kumi na mbili. Wanaanza mwezi wa pili, kila familia inatoa kiasi kilekile kila mwezi mpaka mwezi wa kumi na moja. Ni mara kumi, na familia ni kumi na mbili, kwa hiyo sanduku linapokea mara mia moja na makumi mbili. Likelemba ya kawaida haifai kwa jambo hili, sababu katika likelemba mmoja anapokea feza zote mwezi wa pili, mwingine mwezi wa tatu, na Desemba ikifika kila mtu amekwisha kula zake. Hapa feza zinakaa pamoja. Mmoja anashika sanduku, mwingine anashika ufunguo, wa tatu anaandika katika kayé. Wanaopatana vizuri ni wale wasioaminiana sana!

Ngombe ananunuliwa mbele ya Desemba kuanza, maana kisha bei inapanda, na anaachwa kwa mchungaji wa ngombe mpaka siku yake. Katika avenii zingine wanaita Mwislamu kuchinja, ili majirani wote wapate kula bila shaka moyoni. Kisha nyama inakatwa juu ya majani ya ndizi, mafungu kumi na mawili, kila fungu na mfupa wake, ini lake na kipande cha tumbo. Watu wanasimama, wanatazama, wanasema: "Ile iko kubwa kuliko hii!" Wanaongeza hapa, wanapunguza pale. Halafu mtoto mmoja anageuzwa mgongo. Mtu mzima anaweka kidole juu ya fungu na kuuliza: "Hii ya nani?" Mtoto, asiyeona, anataja jina. Tena: "Na hii?" Mpaka yote yaishe. Hakuna anayeweza kukasirika juu ya mtoto asiyeona.

Iko shida moja ambayo kila kundi linaipata. Familia imetoa feza mpaka mwezi wa nane, kisha papa amegonjwa ao kazi imekwisha. Wafanye nini? Makundi mengine yanawarudishia feza zao, na siku ya kugawa nyama hawamo. Mengine yanawafanyia fungu dogo kwa kipimo cha walichotoa. Kwetu sisi njia ya pili ni bora mbali. Feza iliyorudishwa mwezi wa tisa inakwenda katika dawa na unga, na siku ile watoto wa nyumba hiyo wanasimama kwenye kiambaza wakitazama.

Lakini nyama ni mwanzo tu. Jambo lenyewe ni sahani.

Noeli ni siku ya kanisa zaidi. Korali zinaimba, watoto wanafanya mchezo wa Yosefu na Maria, ibada inapita saa sita, na kila mtu anakula kwake na wageni waliolala kwake. Usiku wa 31 Desemba watu wanarudi kanisani kungoja mwaka. Bonane yenyewe ni ya njia. Asubuhi watoto wanatoka na nguo mpya, wanapita nyumba kwa nyumba: "Bonane, Mama! Bonane, Papa!" Wanapewa mandazi, bonbon, wengine matabishi kidogo. Huko jikoni mama amekwisha kupakua. Sahani ya kwanza inakwenda kwa koko, hata kama anakaa upande mwingine wa mji. Ya pili kwa mjane ao kwa nyumba iliyofiwa mwaka ule, maana nyumba yenye kilio haipikaki karamu. Kisha majirani, kuume na kushoto. Sahani inafunikwa na sahani nyingine, inafungwa na kitambaa, mtoto anatumwa na neno moja: "Mama anasalimia."

Na ndani yake? Hapo Bunia inajionyesha. Nyumba moja inatuma samaki ya ziwa, iliyotoka Kasenyi ao Tchomia, ngambo ya mteremko, zaidi ya kilometa 50. Nyingine inatuma maziwa ya mashanza. Nyingine sombe iliyopikwa na mafuta ya ngazi, na bugali ya muhogo. Nyingine wali na kuku. Mji wetu una Wahema, Walendu, Wabira, Waalur, Wangiti, Wanande, Walugbara na wengine wengi, na mtoto anayebeba sahani anajua majiko yao yote mbele ya kujua lugha zao. Waislamu nao wanatutumia siku ya Idi. Nyumba zingine zinaandika alama chini ya sahani kwa rangi ya kucha, ili isipotee katika safari hizi.

Tunasema haya bila kusahau yaliyopita. Kati ya 1999 na 2003 vita vya Ituri viligawanya hata kartie za Bunia. Mwezi wa tano 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, watu walipigana ndani ya mji, na maelfu walikimbia, wengine kwa miguu mpaka Oicha na Beni. Siku zile mtu hakuvuka kwenda kartie ya mwenzake na chakula. Wazazi wetu wanasema amani waliijua si kwa radio, ila siku mtoto wa jirani wa kabila lingine alipokuja tena na sahani iliyofunikwa, na mama akakula kwanza mbele ya kugawia watoto. Alikula kwanza sababu aliogopa. Mwaka uliofuata hakuogopa tena.

Ebola nayo ilijaribu desturi hii. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ukaingia Ituri, ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliupata, na 2,287 kati yao walikufa. Noeli mbili zilipita watu wakikatazwa kushikana mikono, ndoo ya maji ya kunawa ikisimama mlangoni mwa kanisa. Katika nyumba tunazozijua mama wengine waliacha kupika kwa ajili ya nje, wakatuma vitu vibichi: mchele, mayai, kipande cha nyama, kila mtu apike mwenyewe. Kisha ikaja korona. Desemba 2020 masomo yalifungwa mapema, tarehe 18, na serikali ikakataza kutembea tangu saa tatu ya usiku mpaka saa kumi na moja asubuhi. Mwaka ule hakuna aliyengojea Bonane kanisani usiku wa manane. Lakini mchana watoto walipita.

Sasa juu ya wenzetu wasiofika kwao. Toka Bunia mpaka Komanda ni karibu kilometa 75, na mtu wa Mambasa anaendelea mbali zaidi. Kwa karta ni karibu. Lakini kwa miaka hii njia ile, na ile ya Mahagi inayopita Djugu, zimefungwa mara nyingi juu ya mashambulio, na mzazi mwenye akili anatuma habari: "Kaa huko, usije." Tena tangu mwisho wa mwaka 2017 watu wengi wa Djugu walikimbilia Bunia, wengine walijenga vibanda karibu na Lopitalo Kuu, kisha wakahamishwa Kigonze. Wako wanafunzi ambao "kwao" ni kibanda kile. Mwenzetu wa namna hii akisema "mimi niko na kazi ya kusoma, nitabaki", tusimwamini upesi. Aambiwe nyumba gani, siku gani, na mwenye nyumba amtume mtoto wake kumchukua. Kwa desturi ya hapa mgeni aliyeitwa kwa mdomo tu anasikia haya kuja. Aliyekuja kuchukuliwa hawezi kukataa.

Tunafika kwa karamu za vijana, na hapa tutasema wazi. Siku hizi darasa ao kundi la marafiki linakodi pahali, linaweka kotizasio ya franka, na asiyelipa haingii. Sukre, muziki, picha, basi. Hatusemi ni vibaya vijana kukutana. Ila kotizasio moja kwa wote inafukuza palepale wale ambao karamu ingewafaa zaidi. Hawasemi "sina feza". Wanasema "nilikuwa na malaria". Kila Januari malaria ya namna hii iko nyingi sana darasani!

Kundi moja la mwaka wa tano lilifanya namna nyingine, na tunaona inafaa kuigwa. Waliandika katika karatasi vitu vyote vya lazima: makala gunia moja, chumvi, nyanya, mafuta, kuku, sufuria mbili kubwa za kuazima, maji bidoni sita, mtu wa kuosha vyombo, mtu wa kulinda kinga na pikipiki. Kila mtu akachagua. Wa kwanza kuisha katika orodha haikuwa chumvi. Ilikuwa kulinda kinga. Aliyeichota maji na aliyeleta kuku walikula sahani moja, na wavulana waliosha vyombo, jambo ambalo dada zetu wanalikumbusha mpaka leo.

Neno la mwisho kwa wapya, juu ya sahani zenyewe. Sahani ya jirani hairudi tupu, na hairudi siku ileile, maana ingekuwa sawa kulipa deni. Inakaa. Inangoja mpaka nyumba ipate kitu: mayai, ndizi, hata limau tano. Masomo yanaanza tena, vumbi linaendelea, na mwezi wa pili bado utaona mama anageuza sahani jikoni, anatazama alama iliyo chini, na kuuliza watoto: "Hii ya nani?"