Nyimbo Zipo, Majina Yako Wapi? Namna ya Kuokoa Maktaba ya Muziki Iliyoharibika



Katika nyumba zetu nyingi huku Ghuba, tepu tulizokuja nazo kutoka Unguja, Pemba na Mombasa hivi sasa zimo ndani ya kompyuta. Vijana wametufanyia kazi hiyo na tunawashukuru. Lakini siku maktaba ya muziki inapofunguka tupu, mzee hushika kichwa akadhani kila kitu kimekwenda. Yalinipata mimi mwaka jana, na niliyojifunza nayaandika yapate kumfaa mwengine.

Tepu zangu ni 38, nazo zimetoa vipande 412. Marehemu dada yangu alizirikodi katika maharusi ya Unguja miaka ya 1970 na 1980: taarabu ya kina mama, kidumbaki, na nyimbo za jikoni siku ya kupika. Alipokuja kukaa nami Maskati, misimu miwili ya baridi tulikaa pamoja, yeye anasikiliza, mimi naandika: anayeimba ni nani, harusi ya nani, mtaa gani, sanduku kapiga nani. Nilikuwa karani wa masjala miaka 31, kazi ya kuandika haikunishinda. Dada alifariki mwaka 2014. Waimbaji wale hawakupata kuingia redioni. Majina yao yalikuwa kichwani mwake, kisha katika kompyuta yangu, basi.

Usiku mmoja nilichomoa waya wa diski ya nje kabla programu ya iTunes haijamaliza kuandika. Kosa ni langu. Asubuhi nikaambiwa faili la maktaba haliwezi kusomwa, na mbele yangu ikafunguka maktaba mpya isiyo hata wimbo mmoja. Nikampigia simu mpwa wangu aliyeko Sharjah, mtoto wa dada huyo huyo.

"Mjomba, usiguse kitu," akaniambia. "Usiongeze, usifute. Fungua folda ya nyimbo unitazamie kama zipo."

Nikatazama. Zote zilikuwepo.

Hapa ndipo penye jambo la kufahamu. Maktaba ya muziki ni kama masjala. Kuna majalada rafuni, nazo ni nyimbo zenyewe, na kuna rejista mezani inayosema kila jalada ni la nani na liko wapi. Katika iTunes rejista hiyo ni faili moja liitwalo "iTunes Library.itl". Mara nyingi kinachoharibika ni rejista, majalada yamo salama.

Lakini asikwambie mtu kuwa rejista si kitu. Nyimbo za MP3 hubeba jina ndani yake, kama jalada lenye kibandiko. Sisi tulitumia WAV ili sauti isipungue, na iTunes haiandiki jina ndani ya faili la WAV. Huliandika katika rejista tu. Kwa hivyo lau ningeharakisha kuziingiza upya, ningepata vipande 412 visivyo na mwenyewe.

Tulifanya hivi, na wewe unaweza kufanya:

1. Funga programu. Nakili folda nzima ya iTunes kama ilivyo, pamoja na uharibifu wake, uiweke katika diski nyengine. Kazi yote ifanye ukiwa na nakala hiyo pembeni.

2. Ndani ya folda hiyo tafuta nyengine iitwayo "Previous iTunes Libraries". Programu inapofanyiwa mabadiliko makubwa huweka humo rejista ya zamani, ikiwa na tarehe katika jina lake. Yangu ilikuwa ya 2012, ina nusu ya majina.

3. Tafuta nakala za akiba: diski za zamani, kompyuta ya zamani, watoto walioko mbali. Mpwa wangu alikuwa amenakili diski yangu yote mwaka 2016. Rejista ni faili dogo, akanitumia kwa barua pepe.

4. Rejista mbovu, na ile mpya iliyo tupu, zihamishie pembeni bila kuzifuta. Weka ile ya zamani mahali pake, jina lake liwe lile lile "iTunes Library.itl", kisha fungua programu.

5. Ukiona alama ya mshangao kando ya wimbo, maana yake rejista inaujua wimbo lakini haukuti rafuni. Katika Windows tazama herufi ya diski. Kama zamani ilikuwa E na sasa ni F, irudishe E.

6. Mwisho iambie programu iongeze folda nzima ya nyimbo. Zilizokwisha kuandikwa, ikiwa ziko pale pale, haitaziandika mara ya pili. Itachukua zilizoingia baada ya tarehe ya rejista.

Wenye Mac za tangu 2019 wataona programu inaitwa Music na rejista inaitwa "Music Library". Mpango ni huo huo, na kama mlikuwa mkitumia Time Machine, rejista ya zamani mtaikuta humo.

Vipande 389 vilirudi na majina yake. Vilivyobaki 23 ni vya tepu 2 tulizozipata baada ya 2016. Hivyo vilirudi sauti tu. Majina yake niliyapata kwa bibi wawili wa Unguja kwa njia ya simu, na wote wawili wameshatangulia. Nimewasikilizisha jamaa, 9 vimetambulikana. Vilivyobaki 14 bado.

Sasa nina nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski iliyofungiwa kabatini, moja Sharjah. Faili za WAV nimezigeuza AIFF, ambazo sauti yake ni ile ile lakini jina hukaa ndani. Na kwa kuwa mimi ni karani, orodha yote nimeichapa katika karatasi, kurasa 19, nikaitia katika jalada. Tepu zenyewe sikuzitupa.

Ombi langu kwenu ni moja. Kama nyumbani yuko bibi anayejua sauti hizo, kaa naye wiki hii, kalamu mkononi. Diski huweza kununuliwa nyengine. Mimi katika tepu ya 37 ninaye mwanamke anayeimba peke yake, bila ngoma, kwa sauti ya kumtoa mtu machozi, na mwishoni wenziwe wanamwita kwa jina. Nimesikiliza mara nyingi. Vigelegele vimelifunika.