Pikipiki ya umeme haina kiki

Pikipiki ya petroli ikiachwa inanguruma, kijiwe kizima kitamwita mwenyewe aje aizime. Hata akisahau swichi usiku kucha, kinachokufa ni kabetri kadogo ka volti 12. Asubuhi anapiga kiki, inawaka, anaenda zake. Ya umeme haina kiki. Ikiachwa imewashwa haingurumi wala haitoi moshi. Imesimama kimya, nayo inakula chaji.

Inakula kiasi gani? Tupige hesabu. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 ikijaa ina wati-saa 2,880, yaani pungufu kidogo ya uniti tatu za LUKU. Taa ya mbele, dashibodi na kontrola ya mota vikivuta wati 30 kwa pamoja, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi wati-saa 360 zimeshaondoka. Kwa fedha si hasara ya kumnyima mtu usingizi, hazifiki shilingi 200. Kwa safari ni habari nyingine: pikipiki inayotumia wati-saa 40 kwa kilomita imepoteza kilomita tisa kabla haijatoka uani.

Dakawa ndipo kilomita tisa zinapouma. Kutoka hapo hadi Msamvu, mjini Morogoro, ni kilomita 40 na ushee kwa barabara ya Dodoma, kwa hiyo betri ya kilomita 70 tayari haikurudishi bila kuchaji. Ukikunja kuingia kwenye skimu ya umwagiliaji ni mifereji na majaruba ya mpunga mpaka macho yachoke, na kwenye tuta la jaruba hakuna soketi. Gunia nyuma, matope chini, chaji inashuka haraka zaidi. Petroli ungeletewa kwenye chupa ya maji. Umeme hauletwi hivyo, utasukuma.

Usiku mmoja unavumilika. Kinachotesa betri ni siku nne, pale mtu anapokwenda msibani Kilosa na swichi haikuzimwa. Kwa hesabu ile ile, saa 96 zinaimaliza yote. Seli zikishuka kupita kiwango, saketi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri inakata umeme, na wengi hapo husema betri imekufa. Bado. Ila saketi yenyewe nayo inaendelea kunyonya kidogo kidogo, na betri ya lithiamu ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, shaba iliyomo ndani ya seli huanza kuyeyuka. Ukija kuichaji, yaweza kupiga shoti ndani kwa ndani. Kwa hiyo chaja ikigoma, usimruhusu fundi airuke ile saketi na kuishtua betri kwa waya wa gari. Huo ni mchezo wa moto, na nasema moto kweli.

Lawama zote si za dereva. Chombo kisicho na sauti kilipaswa kuja na kengele, au kijizime chenyewe kikikaa bila kwenda. Anayekiuza bila hivyo ameuza kazi nusu.

Basi unayekwenda kununua, uliza kabla hujatoa fedha: nikiisahau imewashwa, inajizima baada ya muda gani? Muuzaji asipojua, aiwashe hapo hapo dukani, msubiri wote. Na wewe uliye nayo tayari, ukiegesha chomoa ufunguo. Ukisafiri siku nyingi, iache betri na chaji ya nusu hivi, uitenganishe na pikipiki, uiweke ndani pakavu.