Peni ikianguka hakuna kilichopotea

Mwaka niliomaliza kidato cha pili, ami yangu aliniita barazani kwake hapa Matsangoni nimsomee barua. Alikuwa na shamba la mikorosho upande wa kwenda Uyombo, na mzungu mmoja alikuwa akilitaka. Ami alikuwa ameshamwandikishia barua kwamba ndani ya shamba mna makaburi ya wazee, na kwamba yeye ni mmoja tu kati ya ndugu watano. Jibu ndilo hilo nililokuwa nimelishika.

Nikasoma mpaka penye maneno "the penny has dropped." Basi mimi, hodari wa Kiingereza wa mtaa mzima, nikatafsiri: "Ami, asema peni imeshuka."

Ami akanyamaza. Kwa wazee wa rika lake peni ilikuwa pesa hasa, ile sarafu ya senti kumi ya enzi za mkoloni, yenye tundu katikati. Peni imeshuka, maana yake bei imeshuka. "Kusikia makaburi, sasa ataka kulinunua rahisi," akasema, akainuka akaenda zake. Kufika jioni nduguze wote walikuwa wameshaambiwa kuwa wametukanwa.

Aliyenitoa tongotongo ni mwalimu wangu, wiki moja baadaye. Akaniuliza kama nimewahi kupiga simu ya kibanda. Siku zile nani hajawahi? Watia sarafu, yakwama. Wagonga kisanduku kwa kiganja, wangoja. Mara waisikia ikidondoka ndani, na hapo ndipo mambo yaendapo. Kule Uingereza mashine za namna hiyo zilikuwa nyingi, zikila peni: za peremende, za kupimia uzani, za michezo, hata milango ya vyoo. Sarafu isipoanguka, mashine haifanyi lolote. Na akili ni vivyo hivyo. Neno limeshaingia lakini limekwama njiani. Likidondoka, mtu ameelewa. Waingereza walibadilisha sarafu zao mwaka 1971 na ile peni kubwa ya zamani ikaondoka, lakini msemo ukabaki.

Kumbe yule mzungu alikuwa akisema tu kwamba sasa ameelewa. Na sentensi iliyofuata, ambayo mimi niliipita mbio, ilisema hataliulizia shamba tena.

Kwa hiyo kijana ukiukuta msemo huu kwenye mtihani au kazini, usitafute pesa. Lakini pia usiutumie ovyo. Mtu akikupa habari mpya usiyoijua, hapo hakuna peni iliyoanguka. Sharti jambo liwe lilikuwa mbele yako siku zote. Mwezi mzima jirani apita kumwamkia mamako, akalizwa na hali ya mgongo wake, akaleta na embe. Kisha siku moja wamwona anavyomwangalia dadako. Hapo sasa.

Sisi twasema nimetanabahi, nimeng'amua, au limeniingia. "Macho yamenifunguka" ni jirani yake, ila hilo lina harufu ya kudanganywa na mtu. Peni haina mdanganyifu. Uzito ulikuwa wa kichwa chako mwenyewe. Ndiyo maana kujisemea ni sawa, lakini ukimwambia mkubwa wako wa kazi kwamba hatimaye peni yake imeanguka, umemwambia ni mzito wa kuelewa. Wana na msemo mwingine, wa magamba kuanguka machoni, uliotoka katika kisa cha Paulo kule Dameski. Huo ni wa mambo makubwa, na kwa wavuvi wetu utahitaji maelezo zaidi.

Nilirudi kwa ami nikamweleza yote. Akanitazama kwa muda. "Kwa hiyo wiki nzima nimemchukia mtu bure?" Akavaa kofia yake, akaenda kwa nduguze nyumba kwa nyumba kuyarekebisha. Mmoja wao mpaka leo anashikilia kwamba yule mzungu alitaka kupunguza bei.