Maua, Mauwa, Maluwa: Asili ya Jina Moja na Uandishi Wake kati ya Dzaleka na Lilongwe

Makala haya yanafafanua asili na maana ya jina la kike Maua, lililoenea miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wa mashariki ya Kongo, na yanaeleza linavyobadilika linapoingia katika mazingira ya Kichewa nchini Malawi. Hoja yetu ni kwamba Maua na Maluwa ni neno moja kiasili lakini si jina moja, na kwamba udugu huo wa kiisimu ndio unaolifanya jina hili liwe rahisi kuandikwa visivyo.

Kambi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa kaskazini mwa Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza la kisiasa la enzi ya Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Ofisini, hospitalini na katika mji mkuu, hata hivyo, wanakutana na Kichewa na Kiingereza.

Tuanze na umbo. Majina mengi ya kike ya Kiswahili yatokanayo na mimea yaliingia kwa njia ya Kiarabu: Waridi, Rehani, Zaituni, na pia Asumini, ambalo chimbuko lake ni Kiajemi. Maua ni la Kibantu. Kiswahili sanifu kilidondosha /l/ ya kale katika maneno mengi ambayo Kichewa kiliyahifadhi: mvua ni mvula, njaa ni njala, kuvaa ni kuvala, kukaa ni kukhala. Konsonanti iliyopotea huibuka tena katika mnyambuliko, kama tunavyoona katika kuvalia na kukalia. Kwa kanuni hiyohiyo, maua ya Kiswahili ni maluwa ya Kichewa. Ile /w/ ni kiyeyusho kati ya irabu mbili, ambacho othografia ya Kichewa hukiandika na ya Kiswahili sanifu hukiacha. Wakongo wengi nao hukiandika, ndiyo maana vyeti vyao huwa na Mauwa. Hilo si kosa la tahajia, bali ni namna nyingine ya kuandika matamshi yaleyale.

Kwa nini wingi? Mtoto ni mmoja, na bado haitwi Ua. Maelezo ya kawaida ni kwamba wingi huashiria neema na uzuri uliotapakaa, nasi hatuyapingi. Tunaona, hata hivyo, kwamba homonimia ina uzito zaidi: ua ni uzio wa nyumba, na ua ni kitenzi cha kutoa uhai katika hali ya kuamuru. Hakuna mama ambaye angependa kumwita bintiye kwa sauti hiyo jioni uani. Ushahidi unaotushawishi unatoka Malawi kwenyewe. Katika Kichewa kitenzi hicho ni kupha, kwa hiyo umoja hauna doa, na Duwa, yaani ua moja, ni jina la kike linalokubalika kabisa. (Msemaji wa Kiswahili akilisikia hudhani ni dua, jambo ambalo pia si baya.) Kisarufi, Maua likishakuwa jina la mtu huacha upatanisho wa ngeli yake: husemwa Maua amefika, wala si yamefika.

Maluwa, kwa upande wake, hufahamika Malawi pia kama jina la ukoo; mwanasheria Tiyanjana Maluwa ni mfano unaojulikana. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Karani anayesikia Maua kwa sikio la Kichewa anaweza kulirudishia /l/ yake kwa nia njema, kisha akaliweka katika nafasi ya jina la ukoo. Tuchukue mfano wa kubuni: mama mwenye cheti cha Kongo cha Mauwa, kadi ya Dzaleka ya Maua, na mtoto ambaye hati yake ya kuzaliwa iliyotolewa Lilongwe inamtaja mamaye kuwa Maluwa. Kwa mwanaisimu hizo ni sura tatu za neno moja. Kwa afisa anayehakiki uhusiano wa mama na mtoto katika maombi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, huenda zikawa wanawake watatu. Serikali ilipoagiza mwaka 2023 kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, suala la nani amesajiliwa wapi na kwa jina gani lilitoka kwenye makabati ya ofisi likaingia majumbani.

Tunapendekeza mambo machache. Jina lisitafsiriwe wala kusahihishwa. Linakiliwe kutoka hati ya kwanza, na pasipokuwa na hati, mzazi alitamke na kusomewa lilivyoandikwa kabla ya kutia saini. Fomu iwe na nafasi ya tahajia mbadala, ili Mauwa na Maua zitambuliwe kuwa za mtu mmoja. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu 2019, hivyo kumpa karani mkalimani si hisani.

Kuna hali moja ambapo Maluwa ndiyo tahajia sahihi: mzazi aliyekaa Malawi miaka mingi anapomchagulia bintiye jina hilo, au Duwa, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo mtoto atachezea. Karani atajua tofauti hiyo kwa kuuliza tu.