Kabla hujauza kiwanja mwanao awe rubani, mpe kwanza mwalimu wa kompyuta

Dada yangu alinijia nyumbani baada ya sala ya Isha, mkononi ana mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na hati ya kiwanja chake cha Kikambala, fungu alilorithi kwa marehemu baba. Mwanawe amemaliza kidato cha nne na hapa duniani anataka jambo moja tu: kuwa rubani.

"Kaka, nitafutie mnunuzi," akaniambia.

Mimi si rubani. Nina diploma ya kompyuta, na katika familia zetu mwenye diploma huulizwa kila kitu, tangu simu iliyokwama hadi bei ya mabati. Nilimwomba anipe miezi mitatu. Nimeona niandike niliyojifunza katika miezi hiyo, kwani najua si yeye peke yake mwenye hati ndani ya mfuko.

Mpwa wangu tayari alikuwa na simuleta, ile programu ya kompyuta inayoiga urukaji wa ndege. Kila jioni alikuwa "akiruka" kutoka Mombasa hadi Dubai, nasi tukimzunguka tukisema mashallah. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama alitua vizuri au vibaya. Maadamu ndege haikulipuka, tulipiga makofi. Hapo ndipo penye hatari. Mtoto anayesoma peke yake bila wa kumkosoa hujifunza makosa yake mwenyewe mpaka yakawa tabia. Aliyepita chuoni anajua: herufi uliyoizoea kwa makosa utotoni, kuirekebisha ukubwani ni kazi.

Kuna programu zilizotengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo. Mojawapo ni FSFlyingSchool, inayofanya kazi sambamba na simuleta kama Microsoft Flight Simulator na X-Plane. Unaporuka, sauti ya mwalimu husikika ikikuambia unapokosea, na safari ikiisha unapewa alama.

Wazo la kufunzwa urubani ukiwa chini si geni. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye familia yake ilikuwa ikitengeneza piano na vinanda, alitumia mivukuto ya vinanda kuunda kijisanduku chenye umbo la ndege kinachoinama na kugeuka. Watu wengi walikiona mchezo wa watoto. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa katika hali mbaya ya hewa. Ndipo jeshi likanunua visanduku vya Link. Katika Vita Vikuu vya Pili maelfu kwa maelfu ya marubani walianzia humo.

Sasa mwalimu wa kompyuta anajuaje kwamba umekosea? Hana macho. Simuleta inahifadhi tarakimu za kila kitu: ndege iko futi ngapi juu, inakwenda kwa kasi gani, bawa limelala kiasi gani, magurudumu yako wapi. Programu ya mwalimu husoma tarakimu hizo kila wakati na kuzilinganisha na mipaka iliyowekewa ndege ya aina hiyo. Ukivuka mpaka, unasikia sauti.

Chukua mfano wa kutua na Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja inayotumika sana katika skuli za urubani. Inapokaribia kutua inatakiwa iwe kwenye kasi ya noti 60 hadi 70, na noti ni kipimo kile kile cha mbio za vyombo vya baharini. Kwa kila maili ya baharini inayosogea, ishuke takriban futi 300. Kando ya njia ya kutulia, viwanja vingi vikubwa vina taa nne: mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa, zote nyekundu, uko chini mno, zote nyeupe, uko juu mno.

Halafu kuna upepo. Njia ndefu ya Uwanja wa Moi hapa Mombasa huitwa 03 ukitua kwa upande mmoja na 21 ukitua kwa upande wa pili. Hizo ni nyuzi za dira zilizofupishwa, yaani 30 na 210. Ndege hutua ikielekea upepo unakotoka, kwa hiyo kaskazi ikivuma 03 ndiyo inayofaa, na kusi ikivuma 21. Lakini kusi haiji sawasawa na pua ya ndege, huisukuma kutoka ubavu wa kushoto. Nahodha yeyote wa jahazi anaelewa maana yake: usipoelekeza chombo kidogo upande wa upepo, utajikuta pengine.

Jioni ya kwanza tuliyomfungulia mwalimu huyo, mpwa wangu aliambiwa makosa chungu nzima: kasi imezidi, ndege imelala kupita kiasi, magurudumu yamegusa chini kwa kishindo, tena mbali na mstari wa katikati. Alama zake sizitaji, nimsitiri. Aliizima kompyuta akasema, "Mjomba, kitu hiki kinaudhi." Siku nne hakukigusa. Siku ya tano nilimkuta ana daftari, anaandika kosa moja moja.

Siku nne zile zilinifunza zaidi kuliko alama zake. Urubani ni kazi ya kukosolewa maisha yako yote, kwani hata rubani mzoefu wa shirika kubwa hurudishwa kupimwa mara kwa mara. Anayeshindwa kuvumilia kukosolewa na kompyuta iliyo mezani, hatamvumilia mkufunzi wa kweli aliyeketi ubavuni mwake.

Hata hivyo nisizidishe sifa. Mwalimu huyu haoni unaangalia wapi, na wanaozoea kompyuta hukodolea saa za ndani badala ya kutazama nje kuona ndege nyingine. Haoni mikono yako inavyotetemeka. Meza nayo haiyumbi, wala tumbo halipandi kooni. Kuna na mabaya zaidi: ukianguka, unabonyeza kitufe unaanza upya. Ndege ya kweli haina kitufe hicho.

Tena saa za nyumbani hazihesabiwi popote. Kwa kanuni za kimataifa za ICAO, leseni ya rubani wa binafsi inataka umri usiopungua miaka 17 na kwa kawaida saa 40 za kuruka. Kati ya hizo, saa zisizozidi 5 zinaweza kuwa za kifaa cha kuigia, nacho ni kile kilichoidhinishwa na mamlaka, si kompyuta ya sebuleni. Leseni ya biashara, ile ya kumlipa mtu mshahara, huanzia miaka 18 na saa nyingi zaidi. Kwa hiyo mtu akikuahidi cheti cha urubani kwa kucheza simuleta, shika mfuko wako.

Ushauri wangu kwa mzazi ni huu. Kwanza, mpeleke kijana kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga apimwe macho, masikio na moyo. Kuna waliolipa karo ndipo wakagundua hawatambui rangi. Pili, akazane na Kiingereza, kwani ndicho lugha ya redio ya marubani duniani na kina mtihani wake. Tatu, mpe miezi michache na mwalimu wa kompyuta, umtazame kama anarudi baada ya kukosolewa. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya karo ya skuli ya urubani.

Miezi mitatu imekwisha. Daftari la mpwa wangu limejaa, na sasa anatua kwenye mstari wa katikati mara nyingi kuliko anavyoukosa. Wiki ijayo, inshallah, anaenda kwa daktari. Hati ya Kikambala imerudi sandukuni kwa mamake kungojea majibu.