Jiko Dogo la Fleti ya Zamani

Chumba chenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, wapangaji wengi wa mjini wangekiita stoo. Mwaka 1926, Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo mzaliwa wa Vienna, alikifanya jiko kamili. Majiko yapatayo 10,000 ya namna hiyo yakawekwa katika nyumba mpya za Frankfurt, Ujerumani.

Kabla ya kuchora kabati hata moja, alizipima kazi za mpishi kwa saa: anakata wapi, anaosha wapi, anatembea kiasi gani katikati. Alitazama pia majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni. Mchele na sukari vikawekwa kwenye vyombo vya aluminiamu vyenye mkono na mdomo wa kumiminia; unavuta, unamimina, unarudisha. Unga ulikaa kwenye droo za mbao za mwaloni ili wadudu wasiusogelee. Meza ya kukatia mboga ilikuwa dirishani, penye mwanga, na maganda yalisukumwa moja kwa moja kwenye trei yake.

Mkuu wa mradi huo wa nyumba za Frankfurt, Ernst May, alihamia Tanganyika mwaka 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi. Hoteli ya Oceanic ya Mombasa ilikuwa kazi yake.

Je, jiko la Frankfurt nalo linaweza kuhamishiwa kwenye fleti ya zamani ya Upanga, Dar es Salaam, au Ngara, Nairobi, kama lilivyo? Hapana. Lilimtosha mtu mmoja tu, na hilo ndilo lililolalamikiwa hata huko lilikozaliwa. Huku kwetu mmoja anakuna nazi amekalia mbuzi, mwingine anachambua mchele, na mtoto anafanya kazi za shule papo hapo. Sakafu ya kukalia mbuzi ni sehemu ya jiko. Fundi asiijaze makabati.

Kimo cha kaunta nacho kinasahaulika mno. Mafundi huijenga sentimita 90, kisha jiko la gesi la mezani linawekwa juu yake, na juu ya jiko sufuria. Anayesonga ugali wa watu wanane anajikuta ameinua mabega, mwiko u kifuani, wala hana nguvu ya kukandamiza. Sehemu ya jiko ishushwe, hata kwa sentimita 15, kaunta iliyobaki ikae palepale.

Katika jengo kuukuu, fedha ya kwanza iende kwenye mabomba. Mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu ndani ya ukuta hayaonekani mpaka vigae vipya vimeshabandikwa na maji yameanza kuchuruzika kwa jirani wa chini. Ukuta wa kati usibomolewe kabla mhandisi hajathibitisha kwamba haubebi ghorofa ya juu.

Mtungi wa gesi unataka uangalifu zaidi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, na dirisha la juu haliitoi. Mtungi usifungiwe ndani ya kabati lisilo na upenyo. Ukae wima mahali penye hewa, na ukuta wa nje utobolewe matundu chini kabisa, karibu na sakafu, kabla ya kupaka rangi.